Misiani, Mwanahistoria Aliyefundisha kwa Gita

Katika orodha za watu mashuhuri wanazokaririshwa wanafunzi wetu, wamo machifu, wamisionari, wapigania uhuru na wanasiasa wa kila rangi. Mwanamuziki ni nadra kuingizwa humo, na akiingizwa, aghalabu huwa pambo la kupumzishia akili baada ya mambo yanayodaiwa kuwa mazito. Leo nimekusudia kuwasimulia walimu wenzangu na wanafunzi wao maisha ya mtu ambaye, kwa maoni yangu, aliwafundisha watu wa ufuo wa Ziwa Viktoria historia nyingi kuliko baadhi ya vitabu vilivyopita madarasani mwao, tena akawafundisha huku wakicheza dansi. Mtu huyo ni Daniel Owino Misiani, ambaye wengi walimjua kwa herufi mbili tu, D.O. Aliaga dunia mwaka 2006. Wapo vijana wa sekondari hapa Kisumu waliozaliwa baada ya kifo chake ambao hawawezi kutaja hata wimbo wake mmoja.

Kilichonisukuma kuishika kalamu ni jambo dogo. Ingawa nimestaafu, bado huitwa kusaidia kwaya na vikundi vya ngoma wakati wa matayarisho ya Tamasha la Muziki la Kenya. Miongoni mwa vijana ninaokutana nao kumezuka mapenzi ya muziki mkongwe wa Kimarekani. Wanabadilishana kwa simu nyimbo za rock and roll za akina Chuck Berry na Little Richard za miaka ya 1950, na funk ya James Brown ya miaka ya 1960 na 1970. Mmoja wao aliniuliza, kwa heshima zote, kama sisi wazee wa huku ziwani tuliwahi kuwa na kitu cha namna hiyo au tulikuwa tukiimba nyimbo za kanisani pekee.

Sikukasirika. Swali lake lina historia. Katika shule ya bweni niliyosomea miaka ya 1970, ambayo sitaitaja jina, dansi ya Jumamosi ilikuwa ya James Brown na wenzake. Santuri za Dholuo zilihesabiwa kuwa muziki wa vilabu vya pombe, na mwanafunzi aliyekamatwa nazo alijua atakachokipata. Muziki wa Mmarekani mweusi ulikuwa ustaarabu, na muziki wa mjomba wako ulikuwa utovu wa adabu. Tulifunga shule, tukaenda nyumbani Desemba, na huko tukaucheza muziki wa mjomba mpaka kuku wakawika. Kwa hiyo kijana huyo alipouliza, nilishusha sanduku langu la santuri kutoka juu ya kabati, nikazipangusa vumbi, nikaanza kusikiliza upya. Nilisikiliza kwa wiki mbili mfululizo, Chuck Berry asubuhi na Misiani jioni, na nathubutu kusema kwamba masikio yangu hayajawahi kufurahi hivyo tangu nilipokuwa na umri wa vijana hao.

Daniel Owino Misiani alizaliwa tarehe 22 Februari 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, Shirati, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Tanganyika wakati huo. Shirati iko ufuoni mwa ziwa, kusini kidogo tu ya mpaka wa Kenya. Mwanafunzi wa jiografia atazame ramani auone mpaka huo ulivyonyooka kama uliochorwa kwa rula, maana kweli ulichorwa kwa rula. Waingereza na Wajerumani waliafikiana mwaka 1886 kwamba mstari wao uishie ufuoni mwa ziwa palipo latitudo ya nyuzi moja kusini ya ikweta. Waluo wa pande zote mbili walibaki wakiongea lugha moja, wakioana, wakizikana na kuvua samaki katika maji yaleyale. Jambo hili tulikumbuke, kwa kuwa litarudi kumsumbua Misiani utu uzimani.

Wazazi wake walikuwa waimbaji, ila walikuwa pia watu wa dini wenye msimamo mkali. Shirati ilikuwa na kituo cha wamisionari wa Mennonite tangu mwaka 1934, na Ukristo wa ukanda huo haukuwa na mzaha na starehe za dunia. Kuimba lilikuwa jambo la ibada. Gita lilikuwa jambo jingine kabisa. Gita lilifuatana na pombe, usiku na wanawake wa mjini. Mtoto alipolipenda gita, baba yake alilivunja. Kisa hiki husimuliwa sana na mashabiki wa Misiani, na kwa kweli kinafanana mno na visa vya wapiga gita weusi wa kusini mwa Marekani, ambako makanisa yaliyowalea waimbaji ndiyo yaliyowaonya kwamba muziki wao wa usiku ni wa shetani. Little Richard aliyumba maisha yake yote kati ya madhabahu na jukwaa. Misiani hakuyumba hivyo. Aliondoka kwao, akavuka mpaka kuja Kenya kutafuta riziki kwa gita.

Hakuikuta Kenya ikiwa kimya. Kabla ya magita, Waluo walikuwa na orutu, zeze la uzi mmoja, na walikuwa na nyatiti, kinubi cha nyuzi nane. Anayetaka kuielewa benga sharti aanze na nyatiti. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, akakiegemeza kinubi ardhini mbele yake. Vidole vyake hudonoa nyuzi. Katika kidole gumba cha mguu huvaa pete nzito ya chuma, ambayo kwayo hugonga ubavu wa chombo kuweka mapigo. Mguuni hufungwa njuga ziitwazo gara. Juu ya yote hayo, huimba. Mtu mmoja ni mpiga ngoma, mpiga nyuzi na malenga kwa wakati mmoja. Huimba misibani na sherehe zinapofanyika, hutaja nasaba, huwasifu wafu, huwakejeli walio hai. Wasikilizaji humkatiza kwa desturi ya pakruok, mtu akatoa senti zake ili ajisifu mwenyewe au amsifu rafiki, kisha wimbo ukaendelea pale ulipoachwa.

Magita yalienea zaidi baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, askari wa King's African Rifles waliporudi kutoka Burma na kwingineko. Kufikia miaka ya 1950, redio na santuri zilikuwa zimewaleta masikioni mwa watu wa huku wapiga gita wa Katanga, akina Mwenda Jean Bosco na Edouard Masengo, waliodonoa nyuzi kwa ufundi uliowaacha vijana vinywa wazi. Vijana wa ziwani waliyachukua magita hayo wakayapiga kama nyatiti. Hilo ndilo chimbuko la benga. Nani hasa alikuwa wa kwanza? Wakongwe waligombea sifa hiyo mpaka makaburini, na sitaki kuwa hakimu wao. Misiani alipewa heshima ya kuitwa babu wa benga, na kwa haki, kwa sababu yeye ndiye aliyeichukua mbegu iliyokuwa mikononi mwa wengi akaifanya kuwa shamba.

Kikundi chake kilikuwa na majina kadhaa. Kilijulikana kama Victoria Boys, kisha Shirati Luo Voice, hatimaye Shirati Jazz, na kwenye santuri nyingi jina lake huandikwa D.O. 7 Shirati Jazz. Mwaka unaotajwa kwa kawaida kuwa wa kuanza kwa Shirati Jazz ni 1967. Neno Jazz lisimbabaishe msomaji. Bendi za Afrika Mashariki na Kongo zililivaa kama koti la sherehe, bila kupiga jazi ya New Orleans. Lakini mwaka 1967 ni mwaka wa kuzingatiwa. Mwezi Mei mwaka huohuo, James Brown alirekodi wimbo wa Cold Sweat, ambao wataalamu wengi huutaja kuwa mwanzo hasa wa funk. Simaanishi kwamba mmoja alimwiga mwingine. Ninasema kwamba pande mbili za bahari, watu wawili waliolelewa katika mila za mapigo waliamua wakati mmoja kwamba besi isikae tena nyuma ya mlango.

Wanaofundisha muziki waniruhusu nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo penye utamu. Wimbo wa benga huanza kwa gita la solo, likipiga noti mojamoja kwa haraka na kwa usafi. Sauti huingia, mara nyingi waimbaji wawili wakienda sambamba. Kila mstari ukiisha, gita hujibu, likiurudia ule mlio wa maneno kana kwamba nalo linajua Dholuo. Huku chini, besi hairidhiki kushika mapigo kwa utaratibu. Huruka, hunyamaza pale unapoitarajia, halafu hurudi kwa kishindo pale usipoitarajia, kama zile nyuzi nene za nyatiti. Ngoma ya mguu hushikilia kazi ya ile pete ya chuma ya kidole gumba. Kwa hiyo wanaume wanne au watano wamegawana kazi aliyokuwa akiifanya mzee mmoja kigodani. Maneno yakiisha, waimbaji huwapisha wapigaji. Magita huongeza moto, solo hupanda juu, na wacheza dansi, ambao mpaka hapo walikuwa wakisikiliza hadithi, huachilia mabega.

Sasa mlinganishe na Wamarekani. Gita la Chuck Berry katika Johnny B. Goode ya mwaka 1958 humjibu mwimbaji kila anapovuta pumzi. Hilo alilirithi kutoka kwa blues, na blues ililirithi kutoka kwa wito na mwitikio wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka bara hili. James Brown naye aliitaka bendi yake nzima, hata magita na matarumbeta, ipige kana kwamba kila ala ni ngoma, uzito ukiwekwa kwenye pigo la kwanza. Msikilizaji wa Siaya au Homa Bay hahitaji kufasiriwa jambo hilo. Nilipomwekea kijana wangu Shirati Jazz baada ya James Brown, hakusema neno. Aliuvuta mguu wake nyuma, akaanza kugonga sakafu.

Kuna jambo la kiufundi ambalo vijana wa zama za simu hawawezi kulijua wasipoambiwa. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilibeba takriban dakika tatu au nne kila upande. Wimbo wa benga haukuweza kutosha humo, hivyo ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ulibeba hadithi. Ulipoisha, mtu aliigeuza santuri, na upande wa pili ukamalizia hadithi na kuyafungulia magita. Katika maduka ya Kisumu, muuza santuri aliyetaka kuvuta wateja aliweka upande wa pili kwanza, spika ikiwa mlangoni. Aliyetaka kuijua hadithi, ilimbidi ainunue.

Na hadithi zilinunuliwa. Miaka ya 1970 ilikuwa ya neema. Huko Kericho, duka na studio ya Chandarana ilirekodi bendi nyingi za magharibi mwa Kenya. Mwaka 1972, Ochieng Nelly Mengo na Collela Mazee walianzisha Victoria Jazz, na ushindani wao na Shirati Jazz ukawa kama wa timu za kandanda. George Ramogi alikuwepo, Gabriel Omolo alikuwepo, kila mmoja na mashabiki wake. Mfanyabiashara Phares Oluoch Kanindo alizisambaza santuri hizi mbali kuliko alivyoota yeyote. Zilifika kusini mwa Afrika, na huko Zimbabwe lebo yake moja iliyoitwa Sungura ikawa jina la aina nzima ya muziki unaopigwa nchini humo hadi leo. Nyumbani, Wakamba waliichukua benga, Wakikuyu wakaichukua, Waluhya wakaichukua. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers wake waliiimba kwa Kiswahili ikapendwa nchi nzima. Hakuna sera ya serikali iliyowaunganisha Wakenya kwenye sakafu moja ya dansi kama hiyo, na sijui kwa nini mada hii haipewi hata ukurasa mmoja tunapofundisha utangamano wa kitaifa.

Ila umaarufu wa Misiani haukutokana na magita peke yake. Nchini Kenya alipewa jina la Mfalme wa Historia. Tungo zake zilichota kutoka kwa Biblia, zikachota kutoka kwa masimulizi ya Waluo, zikachota pia kutoka kwa magazeti ya wiki hiyo. Mtoto wa wazazi wacha Mungu aliyavunja masharti yao lakini hakuisahau Biblia yao. Aliweza kusimulia habari ya mfalme wa kale aliyelewa madaraka, na kila mtu katika ukumbi akajua ni mfalme gani wa leo anayesemwa. Aliweza kuwatuma wanyama, kama wafanyavyo bibi zetu katika ngano za jioni, nao wakafanya uchaguzi, wakadhulumiana, wakashtakiana. Mwalimu wa Fasihi Simulizi anayetafuta mfano wa istiari na kejeli ana hazina nzima hapa, hailipiwi ada.

Tuangalie alikuwa akiishi wakati gani. Tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya wa Kisiwa cha Rusinga aliuawa kwa risasi katikati ya Nairobi. Tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo, Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali ya mkoa iliyojengwa kwa msaada wa Urusi. Palitokea vurugu, walinzi na polisi wakafyatua risasi, na watu wakafa, watoto wakiwemo. Serikali ilikiri vifo 11. Wenyeji wamesisitiza siku zote kwamba waliokufa ni wengi zaidi. Upinzani wa Jaramogi Oginga Odinga ulipigwa marufuku. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, masikio ya dola yalizidi kurefuka, na mwanamuziki mwenzake, Ochieng Kabaselle, alifungwa katika miaka hiyo kwa tuhuma za uchochezi. Katika hali kama hiyo magazeti yalikuwa na mhariri wa kuogopa, mahubiri yalikuwa na askofu wa kuogopa, na darasa lilikuwa na mkaguzi. Santuri ilikuwa na fumbo tu la kuilinda.

Fumbo halikutosha kila mara. Misiani alikamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya maneno ya nyimbo zake, akaonja rumande. Na hapa ule mstari wa rula wa mwaka 1886 ulirudi. Alipowafurahisha wakubwa, alikuwa msanii wetu. Alipowachoma, walikumbuka ghafla kwamba alizaliwa kilomita chache kusini ya mpaka, wakamtishia kumrudisha Tanzania. Mtu aliyeimba kwa lugha ya watu wa Kisumu, kwa kipigo cha watu wa Kisumu, juu ya shida za watu wa Kisumu, akaambiwa ni mgeni. Wanafunzi wanapoulizwa waeleze athari za mipaka ya kikoloni, huandika kuhusu malisho na vita. Waandike na hili.

Haifai nimpake Misiani mafuta kupita kiasi. Biashara ya benga ilikuwa na upande wake wa kununuliwa. Desturi ya pakruok, ilipohamia studioni, ilimwezesha mwenye fedha kuimbiwa sifa kwenye santuri nzima, na nyimbo nyingi za zama hizo zimejaa majina ya matajiri, wanasiasa na wenye mabasi ambao leo hakuna awakumbukaye. Wapo wanaosema kwamba msanii anayepokea fedha za kumsifu mkubwa hawezi kudai haki ya kumkosoa mkubwa mwingine. Hoja hiyo ina uzito, ila mimi siikubali yote. Mpiga nyatiti naye alilipwa sifa, na bado msibani alisema yale ambayo jamaa hawakutaka kusikia. Tatizo lilikuwa kwamba santuri haikuwa na njia nyingine ya kumlisha mwenyewe. Kanda za kaseti zilipoenea katika miaka ya 1980, wezi wa kunakili walizinakili kila sokoni, na mtunzi akabaki kuuona wimbo wake ukiuzwa mbele ya macho yake bila kupata hata shilingi.

Wakati nyumbani soko likiporomoka, Ulaya ndiyo kwanza ilikuwa ikimgundua. Mwaka 1987 kampuni ya World Circuit ya London ilitoa albamu yake, Benga Beat, na kufikia 1989 zilikuwa zimetoka nyingine huko Uingereza, mmojawapo ukichukua jina la wimbo wake Piny Ose Mer, yaani dunia imelewa. Watu wa London walinunua na kuhifadhi vizuri, huku sisi tukitumia santuri zilezile kufunikia mitungi. Nasema hivyo kwa uchungu, si kwa mzaha. Nimeiona kwa macho yangu huko Nyalenda.

Miaka ya 1990 na 2000 ilimkuta akiendelea kupiga, ingawa masikio ya vijana yalikuwa yamegeukia kwingine, na hata hapa Kisumu ohangla ilikuwa ikiinyang'anya benga kumbi zake. Ulimi wake haukuzeeka. Katika miaka yake ya mwisho alitoa Bim en Bim, maana yake nyani ni nyani, wimbo uliowatumia wanyama kuwasema wanasiasa wakati nchi ilipokuwa ikivutana kuhusu katiba. Mwenye masikio alisikia. Kura ya maoni ya Novemba 2005 ilikuja na machungwa na ndizi zake, na huku ziwani watu waliijadili kwa misemo waliyoiazima kwa mzee huyo.

Tarehe 17 Mei 2006, Misiani alifariki katika ajali ya barabarani hapa Kisumu, akiwa abiria ndani ya matatu. Alikuwa na umri wa miaka 66. Ninalitafakari sana hilo neno abiria. Mtu ambaye nyimbo zake zilivuma kutoka Shirati hadi Harare, na ambaye albamu zake zilikuwa kwenye maduka ya London, alikuwa akisafiri kwa gari la umma kama mimi na wewe, akilipa nauli kwa utingo. Tarehe 25 Desemba mwaka huohuo, James Brown alifariki huko Atlanta, na jeneza lake la dhahabu likalazwa katika ukumbi wa Apollo mjini New York, maelfu wakipanga foleni barabarani kumuaga. Mwaka mmoja uliwachukua wote wawili. Sihitaji kusema zaidi kuhusu jinsi mataifa yanavyowazika watunzi wao.

Baada ya kifo chake yamekuwepo matendo mema. Mwaka 2008 taasisi ya Ketebul Music ya Nairobi ilitoa kazi iliyofuatilia nyayo za benga, ikiwa na kitabu, muziki na filamu, na kuwahoji wazee waliokuwa bado hai. Mwaka 2010 kampuni ya Sterns ilikusanya rekodi zake za miaka ya 1970 na kuzitoa kwa jina lake la kifalme, Mfalme wa Historia. Na rock nayo ilikuja kupiga hodi kwa benga. Wamarekani wawili waliungana na wanamuziki wa Kiluo wakaunda bendi ya Extra Golden, wakachanganya magita ya kwao na ya kwetu. Walipotaka kuwapeleka wenzao Chicago mwaka 2006 wakakwama kwenye viza, aliyewasaidia ni seneta mmoja mwenye baba wa Kogelo, Barack Obama, nao wakamtungia wimbo wa shukrani kabla ulimwengu haujamjua.

Kijana aliyeniuliza lile swali sasa anaazima santuri zangu mbilimbili. Bado anampenda Chuck Berry, na sioni sababu ya kumzuia. Kilichomkwamisha ni maneno. Dholuo chake ni cha mjini, na mafumbo ya Misiani yanataka mtu ajue ni nani alikuwa mbunge wa wapi mwaka gani, ni chifu yupi alimtaliki mke yupi, na nyani, fisi na sungura wa wimbo fulani walikuwa akina nani. Kamusi haina majibu hayo. Wanayo wazee wa Kondele, Ahero, Mbita na Muhuru waliokuwa wakizinunua santuri hizo wakiwa vijana, na wengi wao wamepita miaka 70.

Kwa hiyo nina ombi mahususi kwa walimu wa Historia na wa Kiswahili wa ukanda huu. Likizo ijayo, mwanafunzi apewe wimbo mmoja wa Misiani kwenye simu yake, ampelekee babu au bibi, amchezee mara ya kwanza bila kumwuliza lolote, kisha amchezee mara ya pili na kuandika daftarini kila jina la mtu, la mahali na la mnyama analolifafanua mzee huyo, pamoja na mwaka anaoukumbuka. Kazi itakaporudi darasani, majibu ya wazee yalinganishwe. Watakapotofautiana kuhusu nani alikuwa fisi, msiwapatanishe; andikeni majina yote mawili.